Rubani mstaafu, pima shingo kabla ya mshahara

Mhariri,

Mwaka 2017 Jeshi la Anga la Marekani, likibanwa na upungufu wa marubani, lilianza kuwaita wastaafu warudi kwa hiari. Wengi hutazama mshahara tu, wakisahau kuwa pensheni husimama muda wote wa utumishi. Kinachopigiwa hesabu ni tofauti ya hivyo viwili.

Aliyekwisha kuajiriwa na shirika la ndege aangalie ukongwe wake kazini, maana huo ndio unaoamua ndege, njia na likizo. Sheria ya Marekani ya 1994 kuhusu ajira za wanaokwenda jeshini inamlindia nafasi na ukongwe, mradi amtaarifu mwajiri mapema na utumishi wake kwa jumla usizidi miaka 5. Akitumikia zaidi ya siku 180, ana siku 90 za kuomba arudishwe. Akizubaa, imekula kwake.

Halafu mwili. Kichwa pamoja na kofia ya rubani wa ndege ya kivita ni kama kilo 7. Akikata kona kwa nguvu ya 9G, yaani mara tisa ya uzito wa kawaida, shingo inabeba zaidi ya kilo 60. Pingili iliyochakaa haijifichi hapo. Kwenye kazi za mezani, walikopangiwa wastaafu wa kwanza kurudi, shingo haiulizwi.

Msomaji wenu,
Tanga