Yah: Malalamiko, mmenifungulia pampu nzima wakati ugonjwa ulikuwa kwenye laini ya ritani (bomba la kurudisha dizeli tangini)

Kwa meneja wa gereji,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu mwenye Land Cruiser ya kubebea wageni, ile ndefu ya kufungua juu, injini ya dizeli 1HZ, namba ya gari na jobu kadi (karatasi ya kazi ya gari) mnazo hapo ofisini kwahiyo sirudii. Nimeshaongea na vijana pale mapokezi na simu nimepiga, kila nikipiga naambiwa nisubiri bosi, sasa naona bora niandike ibaki kwenye maandishi na wewe mwenyewe uisome.

Lalamiko langu ni hili. Mlinitoza shilingi 1,850,000 kwa kushusha pampu ya dizeli, kuifungua, kuiwekea sili mpya na kuikalibreti (kuipima na kuirekebisha kwenye mashine), pamoja na kupima nozeli zote sita, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye injini, na gari likatoka kwenu likiwa na ugonjwa uleule lililoingia nao. Tatizo halikuwa kwenye pampu. Lilikuwa kwenye bomba la ritani linalopita juu ya nozeli na kile kipande cha mpira kinacholiunga na bomba la kurudi kwenye tangi, vitu ambavyo fundi angeviona kwa macho na mkono bila hata kufungua nati moja ya pampu.

Turudi mwanzo. Gari nilileta linasumbua asubuhi tu. Ukilaza usiku, asubuhi unapiga starta mpaka betri inaanza kuchoka, alafu linashika kwa silinda mbili tatu, linatetemeka, linatoa moshi mweupe mwingi, baada ya muda mfupi linakaa sawa na mchana kutwa linawaka kwa mguso mmoja. Na nilimwambia kaka aliyenipokea, tena nilirudia, kwamba nikiminya ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu ndo nipige starta, linawaka hapohapo. Nikamwambia pia nikiliegesha pua ikiangalia mlima tatizo linazidi, nikiliegesha pua ikiangalia bondeni linapungua. Kwenye jobu kadi aliandika "gari linachelewa kuwaka". Basi. Yale mengine yote hayakuandikwa, na ndo yalikuwa na jibu ndani yake.

Maana fundi yeyote aliyezoea 1HZ anajua injini hii haina pampu ya umeme kwenye tangi. Pampu yenyewe ndo inavuta dizeli toka tangini kupitia filta, kwahiyo ikiingia hewa mahali popote, gari likizimwa mafuta yanateremka taratibu kurudi tangini na asubuhi pampu inakuta hewa. Ukiminya kwa mkono unarudisha mafuta juu, linawaka. Ukiegesha pua juu, tangi liko nyuma chini, mafuta yanakimbia vizuri zaidi. Hizi ni dalili za hewa jamani. Sio dalili za pampu iliyochoka, pampu iliyochoka kwa kawaida inasumbua zaidi injini ikishapata moto, na mimi nilisema wazi mchana gari halina shida kabisa.

Mlianza na hita plagi, zile za kupasha injini moto kabla ya kuwaka, mkabadilisha, nikalipa, nikanyamaza kwasababu hita nazo zinachoka. Asubuhi iliyofuata gari lilelile. Nikarudisha. Hapo ndo nikaambiwa "pampu imekwisha mzee, hii isipofunguliwa itakuachia porini". Mimi kazi yangu ni kupeleka watu Tarangire, Ngorongoro mpaka Serengeti, mtu akiniambia gari litaniachia porini na wageni sita ndani, sina ujanja, nikasaini. Nataka muelewe uzito wa neno hilo kwa mtu wa kazi yangu, kwamba mkilisema lazima muwe mmepima.

Niliuliza mmepimaje. Niliambiwa fundi amesikiliza mlio. Hakuna karatasi yoyote ya kipimo kabla pampu haijashushwa, karatasi niliyopewa ni ya kwenye mashine ya kukalibreti, na hiyo karatasi yenyewe ukiisoma inaonyesha pampu ilivyoingia ilikuwa inatoa mafuta karibu sawa kwa nozeli zote. Yani kipimo chenu wenyewe kilisema pampu haina shida na bado mkaendelea mkaifungua.

Gari nikachukua. Asubuhi, moshi mweupe na starta ndefu kama kawaida, ila sasa na jambo jipya: harufu ya dizeli ndani ya gari, kali, wageni wanafungua vioo. Nikapiga simu nikaambiwa ni kawaida, ni mabaki ya dizeli iliyomwagika wakati wa kazi, itakauka yenyewe. Haikukauka. Nikifungua boneti naona unyevu juu ya silinda hedi kwenye mashina ya nozeli, vumbi limeganda pale limekuwa tope jeusi, ukifuta kwa kitambaa baada ya safari limerudi.

Nikampelekea fundi mwingine, ana kibanda chake tu mtaani kwetu, hana mashine ya kompyuta wala rampu. Naeleza alichofanya hatua kwa hatua kwasababu nataka fundi wenu mkuu asome hapa.

Kwanza aliosha juu ya injini kwa sabuni ya grisi, akapuliza kwa kompresa mpaka pakavu kabisa, alafu akachukua poda ya mtoto ya kawaida akanyunyiza kuzunguka kila nati ya bomba la ritani na kwenye mpira. Akawasha, akaacha injini ingurume bila kukanyaga mafuta, mara akapandisha kidogo, mara akashusha. Tukachungulia na tochi. Kwenye nozeli ya pili na ya tano poda ilikuwa imelowa na kamstari kembamba ka unyevu kanateremka, na kwenye ule mpira mfupi wa mwisho poda ililowa pote chini ya klipu. Akauchomoa ule mpira akaupinda kwa vidole, ukafunguka nyufa nyingi ndogondogo, na mdomo wake umetanuka mpaka unavaa bila kubana. Nyuzi za nje zilikuwa zimelainika kwa dizeli zinachambuka kama kitambaa cha zamani. Huo mpira mlikuwa mmeuchomoa na kuurudisha nyinyi, kwasababu bomba la ritani haliwezi kutoka bila kuuchomoa, na bomba mlilitoa mlipopima nozeli.

Alafu akafungua zile nati sita. Washa za chini yake, zile pete nyembamba za kuzibia, zote ni zilezile za zamani, zimebonyea, zina alama ya mduara ya kukaza mara ya kwanza na alama ya pili pembeni ya kukaza upya. Washa hizi za alumini zinakazwa mara moja tu, zikishabonyea hazizibi tena, na mtu akizidisha kukaza ili zizibe anaharibu bomba lenyewe. Kwenye invoisi yenu kuna "gasketi za nozeli", yani ndo washa hizi, nimelipia. Nimeambatanisha picha za hizo washa na nimeziweka kwenye mfuko, nitazileta.

Hakuishia hapo, na hili ndo lilinifanya niamini. Alisema kulowa peke yake kunaonyesha panavuja ila hakuonyeshi kwamba hapo ndo hewa inapoingilia, inawezekana kuna pengine pia. Kwahiyo akachomoa bomba la ritani ya nozeli akalielekeza kwenye chupa tupu, akaziba ile chuchu iliyobaki kwenye bomba la kurudi tangini, akaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye laini ya kuingia kwenye pampu. Gari likalala hivyo, pua juu. Asubuhi kwenye mpira hakuna povu hata moja, na gari likawaka papo hapo. Usiku uliofuata akarudisha bomba kama lilivyokuwa na washa zilezile mbovu, asubuhi mpira umejaa hewa nusu nzima na starta ndefu na moshi. Hapo hakuna tena ubishi. Laini ya kutoka tangini ni nzima, filta ni nzima, pampu ni nzima, hewa inaingilia ritani ya nozeli.

Watu wengi wanadhani ritani ni bomba la kurudishia tu, likivuja unapoteza dizeli kidogo basi. Sivyo. Kila nozeli inapitisha dizeli kidogo pembeni ya sindano yake ili kujilainisha, hiyo ndo inayokusanywa na bomba la juu kurudi tangini, presha yake ni ndogo sana. Injini ikiwaka, panapovuja panatoa dizeli nje. Injini ikizimwa, mafuta yanavutwa kurudi chini na palepale panapovuja panaingiza hewa. Ndo maana uvujaji huohuo ulinipa matatizo mawili, harufu mchana na kugoma asubuhi, na ndo maana baada ya nyinyi kurudisha washa kuukuu harufu ikaanza na kugoma kukabaki palepale.

Pia aliangalia ile bolti ya pampu iliyoandikwa OUT, kwasababu pampu ikishashushwa watu huwa wanaichanganya na ya kuingilia, hii ya OUT ina kitundu kidogo cha kuzuia mafuta ndani na zikibadilishana gari linakosa nguvu au linazima. Ilikuwa mahali pake. Hapo nawapa haki yenu, na kazi ya kuweka taimingi ya pampu alisema imefanywa vizuri. Sijaandika barua hii kuwachafua, naandika kwasababu mna mafundi wanaojua kazi na bado mteja anaambiwa pampu imekwisha kwa kusikiliza mlio.

Washa mpya sita, mpira mpya wa dizeli wenye nyuzi na klipu mbili, vyote havikufika elfu arobaini. Tangu hapo gari linawaka kwa mguso mmoja, nimelilaza Karatu kwenye baridi, nimelilaza Seronera ndani ya Serengeti, halijagoma. Na ile barabara toka geti la Lodoare la Ngorongoro mpaka geti la Naabi la Serengeti mnaijua, vumbi na mtikisiko mtupu, nikifungua boneti juu ya nozeli ni pakavu.

Kuna hili la usalama pia silitaki lipite. Dizeli haiwaki kirahisi kama petroli lakini ikirushwa na feni ikatua kwenye eksozi yenye moto ni hatari, na inaharibu mipira ya injini, mikanda na nyaya. Mliambiwa gari linanuka dizeli baada ya kazi yenu. Kuniambia ni kawaida bila hata kusema lete tufungue boneti, hapo ndo nimeumia kuliko hata hela. Niliendesha gari lenye wageni likiwa linavuja mafuta juu ya injini kwasababu gereji niliyoiamini iliniambia liko sawa.

Sasa ninachoomba. Mnirudishie gharama ya kushusha, kufungua na kukalibreti pampu pamoja na sili zake, kwasababu kazi hiyo haikuhitajika na hakuna kipimo kilichoionyesha. Mnirudishie pia hela ya gasketi ambazo mlinitoza na hamkuweka. Hela ya kupima nozeli siidai, mlipima kweli na karatasi ninayo, na kama mtaniambia zile hita za zamani mnazo nizione zimeungua, basi na za hita siidai.

Jambo la pili sio la hela. Naomba fundi wenu mkuu aniandikie, kwa maneno yake, kabla ya kumwambia mteja pampu imekwisha mtapima nini. Mimi ningependa kuona: mpira unaoonyesha ndani kwenye laini ya kuingia, usiku mmoja ritani ikiwa imetengwa, na kama bado kuna mashaka ya tangi basi kulishia pampu kwa dumu safi lililowekwa juu, ritani nayo irudi kwenye dumu hilohilo, likiwaka vizuri mnajua ugonjwa uko kati ya tangi na filta. Hivyo vyote ni mpira wa elfu chache na uvumilivu wa usiku mmoja, na gari linalala kwenu hata hivyo. Madereva wenzangu wengi hapa Arusha wanaleta magari kwenu na wengi wana injini hii hii, wengine wameshalipia pampu, na mimi siwezi kujua zilikuwa zimekwisha kweli au ni hizi washa.

Nawapa siku 14 toka mpokee barua hii. Nisipopata jibu la maandishi nitapeleka jobu kadi, invoisi, karatasi ya mashine, picha na hizi washa kwenye Tume ya Ushindani, FCC, dawati la kumlinda mlaji. Ningependelea tumalizane hapahapa. Naweza kuja na gari na huyo fundi amekubali kuja, tuweke washa zile za zamani mbele ya fundi wenu, gari lilale kwenu pua juu, asubuhi mpige starta wenyewe.

Namba yangu ya simu iko kwenye jobu kadi.

Wenu,
Mteja, mmiliki wa gari, Arusha