Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: Wasioweza kuingia kikundi mmewaachia nani?

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Kupinga msaada wa watu wenye ulemavu kupitishwa kwenye vikundi na mikopo peke yake

Nakuandikia kutoka Busia ya Uganda, mpakani na Kenya. Mimi ni mzazi wa kijana mwenye mtindio wa ubongo, na ni karani wa kikundi cha wazazi wenye watoto kama wangu. Wenzangu wamenituma niyaseme haya hadharani kwa sababu vikaoni tumeyasema kwa adabu, yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, yakaishia hapo.

Tunachokipinga ni hiki: mwaka hadi mwaka serikali imeifunga njia ambayo fedha ingemfikia mtu mwenye ulemavu mkubwa mkononi mwake au mwa mlezi wake, na mahali pake imeweka mtaji. Mtaji wa kikundi, mkopo wa parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa. Anayeweza kuchuuza anapata kitu kidogo. Asiyeweza kujilisha mwenyewe hana mlango wa kubisha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mpango wa SAGE, ule wa serikali wa kuwapa wanyonge fedha taslimu, ulipoanzishwa mwaka 2010 katika wilaya za majaribio, Kyenjojo na Kaberamaido zikiwemo, ulikuwa na ruzuku mbili. Moja ya wazee, nyingine ya familia zilizo katika hali ngumu, na katika hiyo ya pili ulemavu ulihesabiwa, pamoja na uyatima na uzee, wakati wa kuamua familia ipi ipewe. Mwaka 2015 ruzuku ya familia ikaondolewa. Tuliambiwa kwamba namna ya kuchagua familia ilileta manung'uniko vijijini. Nakubali yalikuwepo. Lakini orodha yenye kasoro hurekebishwa, Mheshimiwa, na ile haikurekebishwa. Ilifutwa, na waliokuwemo wakafutwa nayo.

Pesa za wazee zilibaki, na tunashukuru. Ila zilipoenezwa nchi nzima umri ukapandishwa hadi miaka 80, wakati wilaya za mwanzo zilianza na 65, na eneo la Karamoja 60. Kwa hiyo mzee kipofu wa Busia mwenye miaka 66 anaambiwa asubiri miaka 14 ndipo apate shilingi 25,000 kwa mwezi. Mtu ambaye mwili wake umemsumbua tangu utotoni huzeeka mapema kuliko wenzake. Nani alimfikiria huyo umri ulipokuwa unapangwa?

Sasa nije kwenye vikundi, maana hapa ndipo tunapoumia zaidi. Ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu ipo tangu mwaka wa fedha 2009/10. Hutolewa kwa kikundi chenye mradi, na kikundi huweza kupata hadi shilingi milioni 5. Kikundi kikiwa na watu kumi, hiyo ni laki tano kwa kila mmoja, tena mara moja tu. Wapo iliowafaa. Nawajua mafundi wa viatu na washonaji waliosimama kwa fedha hiyo, na sitaki hata shilingi moja iondolewe kwao.

Lakini fikiria nyumba ambamo kuna mtoto mkubwa asiyeweza kujigeuza. Mama lazima amgeuze usiku na mchana asipate vidonda. Anampondea chakula, anamlisha polepole asije akapaliwa, anamfulia, anamkimbiza kliniki degedege likizidi. Mama huyu mnamruhusu aingie kikundi kwa niaba ya mtoto wake. Je, ataingia lini? Mkutano ni saa nne asubuhi, na nyumbani nani atabaki? Zamu ya kulisha kuku wa kikundi ikimfikia, mtoto atamwachia nani? Akikosa vikao viwili vitatu wenzake wanamkata jina, na siwalaumu, kwa kuwa mradi ukifa wote wanahojiwa. Hivyo vikundi huchukua watu wenye nguvu, wanaojua kuongea na kuweka saini. Wenye ulemavu wa akili, wasiosikia na pia hawaoni, walio kitandani, hao hawaalikwi na mtu. Mama akiuza kuku wake kununua dawa ya kifafa, kwenye daftari la mradi anaandikwa kuwa ameshindwa.

Mpango wa Maendeleo ya Parishi uliozinduliwa wilayani Kibuku, Februari 2022, umetutengea asilimia 10 ya shilingi milioni 100 za kila parishi. Ni vizuri. Lakini ile ni fedha ya kukopa, nayo ina riba. Mtu hakopi ili anunue nepi za kijana wa miaka kumi na tisa.

Hata wanaojiweza hawako salama. Wenzetu wa baiskeli za magurudumu matatu, wanaovusha mizigo hapa mpakani kwa nguvu za mikono, mnawasifu kwa kujitegemea, na wanastahili. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa watu kwa sababu ya korona, malori yaliendelea kupita nao wakakaa chini. Hawakuwa na ruzuku ya mwezi ya kuwashika, kwa kuwa waliambiwa siku zote kwamba dawa yao ni biashara.

Ng'ambo ya barabara, Busia ya Kenya, familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ikiandikishwa hulipwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hucheleweshwa, ndugu zetu Wasamia wa huko hulalamika kila siku, lakini ipo, na mlezi hapewi sharti la kufuga kuku.

Ibara ya 35 ya Katiba yetu inawapa watu wenye ulemavu haki ya heshima na utu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, tulioridhia mwaka 2008, katika kifungu cha 28, unataja msaada wa serikali kwa gharama zinazotokana na ulemavu kwa walio maskini, pamoja na huduma ya kumpa mlezi nafasi ya kupumzika. Kifungu cha 4 kinataka tushauriwe kabla ya uamuzi. Tuna madiwani wenye ulemavu, mwanamke na mwanamume, katika baraza la wilaya. Waiteni.

Najua tutaambiwa fedha hazitoshi. Anzeni basi na wale wanaohitaji mlezi mchana na usiku, walipwe kila mwezi kwa mfumo uleule unaowalipa wazee, bila kikundi na bila mradi. Mzee mwenye ulemavu mkubwa apokee akifika miaka 60 popote alipo Uganda. Ruzuku ya vikundi ibaki kwa wanaoiweza.

Bajeti husomwa kila Juni, na wizara huandaa makadirio miezi mingi kabla. Tunaomba fungu la malipo hayo liwemo katika makadirio yajayo. Tunaomba pia majibu yako kwa maandishi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa wilaya yetu. Atayasoma kikaoni mbele ya wazazi wote, na wasioweza kutoka nyumbani tutawapelekea nakala.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani, kwa niaba ya wazazi na walezi, Busia