Kuridhika kunahitaji daftari, si kauli tamu

Mhariri,

Ushauri wa "fikiria mema utafurahi" umejaa mimbarini, kwenye redio za asubuhi na hata kwenye vioo vya matatu za Kondele. Si uongo. Kasoro yake ni kwamba haumwambii mtu aanzie wapi. Mwendeshaji bodaboda aliyekaa steji hadi saa nne asubuhi bila abiria hafaidiki kwa kuambiwa atabasamu. Afadhali aonyeshwe jinsi wazo moja linavyomharibia saa zilizobaki.

Wazo lenyewe huwa fupi: "Leo siku imeharibika." Linaingia bila kubisha hodi, linageuka hasira, na hasira inamfanya azozane na abiria wa kwanza juu ya shilingi 20. Abiria anapanda pikipiki ya jirani. Sasa amepata ushahidi kwamba kweli siku imeharibika, wala haoni kwamba ushahidi huo kautengeneza mwenyewe.

Daktari Aaron Beck wa Marekani alijenga tiba nzima juu ya mzunguko huu katika miaka ya 1960, na sehemu yake rahisi inafanyika kwa kalamu. Gawanya ukurasa safu nne. Ya kwanza andika tukio, bila maoni. Ya pili wazo lililokujia, kwa maneno yale yale. Ya tatu hisia, na nguvu yake kati ya 0 na 100. Ya nne andika yanayounga wazo hilo mkono na yanayolipinga, kisha liandike upya liwe la kweli: "Asubuhi imekuwa kavu, wanaotoka soko la Kibuye na mizigo bado hawajaanza kutoka." Pima hisia tena. Ikishuka kutoka 80 hadi 50, zoezi limefanya kazi yake. Anayengojea sifuri ataliacha siku ya pili.

Wengi hukosea hapo kwenye kuandika upya. Badala ya wazo la kweli wanaweka wazo tamu: "Leo nitabeba abiria hamsini." Moyo hauliamini, na jioni ikifika mtu anakuwa amepoteza mara mbili.

Jambo la pili ni kipimo tunachojipimia. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, watafiti walifuatilia vijiji ambako baadhi ya familia zilipewa pesa bila masharti mwanzoni mwa miaka ya 2010. Waliopata walipata nafuu ya moyo pia, kwa hivyo anayehubiri kwamba pesa haziongezi raha aende akahubiri kwingine. Lakini kuridhika na maisha kulishuka pale majirani walipopata, na walioumia zaidi ni wale waliokosa, ingawa hakuna aliyewanyang'anya kitu. Maumivu hayo yalipungua kadiri muda ulivyopita. Jirani alikuwa amehamisha kipimo, basi.

Siku hizi jirani huyo yumo kwenye simu, na hatuhitaji kuvuka ua kumwona. Status za WhatsApp zikitazamwa kabla ya uji wa asubuhi, siku inaanza na nyumba ya mtu mwingine. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vingine vimeundwa kwa mkopo usiopigwa picha. Ahirisha kutazama hadi kazi ya kwanza ya siku iishe. Kisha tafuta kipimo chako mwenyewe: muuza omena aandike gorogoro (makopo ya kupimia) alizouza wiki hii, azilinganishe na zake za msimu kama huu mwaka jana, si na za kibanda cha pili.

Zoezi la tatu, la kuandika shukrani, ndilo linalojulikana zaidi na kuharibiwa zaidi. Wanasaikolojia wa Marekani Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 utafiti ambapo wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, hadi mambo matano ya kushukuru. Waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko wenzao walioandika kero. Kumbuka hapo: mara moja kwa wiki. Mwanasaikolojia mwenzao Sonja Lyubomirsky naye alikuta kwamba walioandika mara moja kwa wiki walifaidika kuliko walioandika mara tatu. Ukilazimisha sana, linakuwa kama kujaza rejista.

Na usiandike "afya, watoto, uhai" kila Jumapili. Maneno hayo yamezoeleka, hayagusi tena. Andika kitu chenye saa na sura, kisha sababu yake: "Alhamisi fundi aliziba pancha akakataa pesa, kwa sababu mwezi jana nilimletea mteja." Hiyo sababu ndiyo yenye faida, maana inakuonyesha unachoweza kurudia.

Mazoezi haya yana mipaka. Wakazi wa Nyando wanaofurushwa na mafuriko hawana kasoro ya mtazamo. Mwajiri anayechelewesha mshahara asiwagawie wafanyakazi madaftari ya shukrani. Aliyefiwa juzi aachwe alie kwanza. Na mtu akikaa majuma mawili au zaidi bila hamu ya chochote, halali au analala kupita kiasi, chakula hakimpiti, hata vitu alivyovipenda havimvutii, huo huenda ni ugonjwa wa sonona, na pa kwenda ni hospitali. Akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Mhariri, kurasa zenu zina kisanduku cha nukuu za busara. Wiki moja tu, tuchapishieni hapo jedwali tupu la safu nne, lenye nafasi ya kutosha kalamu.

Mshauri nasaha,
Manyatta, Kisumu