Kabla hujafunga virago

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema mumeo ameomba radhi, amelia, anataka urudi. Nimesikia. Ila hukuniambia usiku analala kwa muda wa saa ngapi.

Siulizi kwa umbeya. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba baipola yake, ugonjwa huo wa hisia kupanda mno na kushuka mno, huanzia kwenye usingizi: analala kwa muda wa saa mbili tatu tu, anaamka hana uchovu, maneno yanamtoka mbio, na kabla hujakaa vizuri akiba ya nyumba imeteketea kwenye biashara aliyoiota usiku huo. Basi angalia hilo. Machozi yake ni ya kweli, simkatalii, lakini ni ya mtu aliyeshuka. Hayakuambii atafanya nini akipanda tena.

Je, lithiamu, dawa yake ya kutuliza hisia, anameza kila siku, hata siku anazojiona mzima? Maana mara ile alijiona amepona, akaiacha ghafla bila kumwambia daktari, na kuiacha ghafla ndiko kunakoweza kuurudisha ugonjwa kwa kishindo. Damu je, anapima? Dawa ile ikipungua haisaidii, ikizidi ni sumu, na figo na tezi ya shingo nazo huangaliwa. Mwambie akuonyeshe karatasi za vipimo. Akinuna, anune. Na asinywe ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, kiholela kila kichwa kikimgonga, huipandisha lithiamu mwilini.

Ulivyomuuguza nimejivunia, shangazi zako wamechoka kunisikia. Lakini kwa nini ulinificha? Mlango umevunjwa, wewe unaniambia bawaba zilikuwa zimelegea! Ugonjwa hakuuchagua, mwanangu, na simchukii. Kuvunja mlango wakati watoto wamejifungia ndani ni jambo jingine, na hilo alizungumze yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya daktari wake na wewe ukiwepo.

Ukiamua kurudi, sikuzuii. Ila yaandikeni sasa, akiwa ametulia: nani atampigia daktari usingizi ukianza kupungua, kadi ya benki atashika nani, wewe na watoto mtalala wapi siku hiyo. Akikataa kuandika, baki huku kwanza. Na siku akitamka kwamba afadhali afe, usidhani anatania. Usimwache peke yake, ita msaada hapohapo.

Mkubwa ananiuliza habari za baba yake. Nimemwambia anaumwa na anatibiwa, na kwamba si yeye aliyemuudhi. Naona alikuwa akilisubiri hilo la mwisho, maana jioni ile alikula akamaliza.

Cherehani imekatika mkanda, kwa hiyo suruali zako bado sijazikunja pindo. Viatu vya mdogo vinambana. Ninunue mimi au utakuja naye dukani mwenyewe? Nijibu, lakini anza na lile la usingizi. Na usimuulize mumeo, muulize dada yake anayeishi naye.

Mama yako