Tusiache mbegu ya nyanya kubwa ipotee

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kuwa nyanya kubwa za bustani ya nyumbani ni kazi ya mbolea ya dukani. Si kweli. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Lushoto. Mwezi Januari nilichuma nyanya, nikaipeleka buchani, ikawekwa kwenye mizani: gramu 920. Haikuonja hata punje ya urea. Ukizidisha urea unavuna majani.

Nyanya ile imetokana na mbegu niliyopewa na mama mkwe mwaka 1991, imefungwa kwenye pindo la kanga. Ni nyanya pana, yenye mikunjo kama boga dogo, na ukiikata unakuta vijumba vingi vya mbegu na nyama iliyoshiba. Nyanya za kwenye matenga nyingi zina vijumba viwili au vitatu, ngozi ngumu, zivumilie lori hadi Dar es Salaam. Mkulima wa biashara anazihitaji hizo, simlaumu.

Ila watu hawatazami maua. Kwenye kichala cha kwanza mara nyingine hutoka ua nene kuliko wenzake. Hesabu petali zake, utakuta zimezidi hata kumi. Hayo ni maua mawili au matatu yaliyoungana tangu yakiwa tumba. Wengi hulinyofoa wakidhani lina ugonjwa. Mimi hulifunga uzi mwekundu, nikanyofoa yale mengine ya kichala hicho. Jitu huzaliwa hapo. Wamarekani wanaoshindania uzito wa nyanya wanalisaka ua la namna hiyo hiyo. Gordon Graham wa Oklahoma alifikisha kilo 3.51 mwaka 1986, na rekodi yake ikadumu hadi 2014.

Yaliyobaki ni kutochoka. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, shina moja, machipukizi ya kwenye makwapa ya majani nayatoa kila Jumamosi, na kichala nakining'iniza kwa kitambaa kwenye mti wa kuegemezea shina, maana uzito hukivunja. Maji ni kila asubuhi, kwa kiasi. Mwaka juzi nilikaa msibani Muheza siku tisa, udongo ukakauka. Niliporudi nikamwagilia kwa pupa. Nyanya nne zikaoza kitako, doa jeusi limedidimia kama kovu la moto. Kalsiamu ilikuwamo udongoni, lakini maji yakikatika haifiki kwenye tunda. Iliniuma sana.

Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo ni ekari na matenga kila wiki. Naomba hata nusu safu kwa sisi wa bustani za uani, na wenye mbegu za zamani waandike wanazo zipi. Novemba niliingia duka la pembejeo nikakuta chotara tupu, na mbegu ya chotara ukiirudia shambani, watoto hawafanani na mama. Hii yangu naikamua kwenye glasi na maji yake, naiacha siku tatu hadi ifanye utando, naiosha, naianika kivulini juu ya sahani.

Ndani ya barua hii nimeweka mbegu 30 kwenye karatasi. Zisieni kitaluni, mkihamisha miche muache hatua moja kati ya shina na shina. Na ua nene likitoka, tafadhali msilinyofoe.

Mwalimu mstaafu,
Lushoto, Tanga