YAH: MALALAMIKO KUHUSU ZIARA YA KRISMASI, MJI MKONGWE WA STOCKHOLM

Tanga,
6 Januari.

Meneja,
Idara ya Safari za Nje,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kwanza nawapa salamu za mwaka mpya. Naandika kuhusu ziara ya miguu ya Gamla Stan, yaani huo Mji Mkongwe, mliyotuuzia mimi na mama yangu, tuliyoifanya jioni ya tarehe 14 Desemba. Ndege, hoteli na usafiri wa kutoka uwanjani havikuwa na kasoro, na kwa hayo nashukuru. Ninacholalamikia ni saa mbili za ziara ile, na hasa muda ambao mama yangu aliachwa peke yake gizani katika mji asioujua.

Kabla sijalipa nilipiga simu ofisini kwenu. Nikaeleza kwamba mama ana miaka 71, goti la kushoto linamsumbua na anatembea polepole. Dada aliyepokea akanitoa wasiwasi: kundi halizidi watu 15, mwongozaji anazungumza Kiswahili, na mwendo ni wa kumfaa mtu mzima. Kipeperushi chenu kinasema hivyo hivyo, bado ninacho. Ndiyo maana nikalipa shilingi 240,000 kwa kila mmoja wetu.

Tulipokutana pale Järntorget tulikuwa watu 38. Niliwahesabu mwenyewe. Wateja wenu tulikuwa 11 tu, tumechanganywa na kundi la wakala mwingine. Kijana aliyetuongoza hakujua neno la Kiswahili. Alizungumza Kiingereza huku akitembea, ametupa mgongo, bila kipaza sauti, na sisi wa nyuma tukaambulia vipande. Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri, na sisi tulianza saa kumi, kwa hiyo ulikuwa usiku kamili. Njia za Gamla Stan zimetandikwa mawe ya mviringo, na siku hiyo yalikuwa yameloa. Mama alinishika mkono hatua kwa hatua.

Tukafika Mårten Trotzigs gränd. Ni uchochoro mwembamba kuliko yote mjini humo, panapobana zaidi pana upana wa sentimita 90, na unapanda kwa vidato 36 kutoka barabara ya Västerlånggatan. Mwongozaji akasema asiyeweza kupanda asubiri chini, sisi wengine tutatazama na kurudi baada ya dakika tano. Nilitaka kubaki. Mama akaniambia, "Nenda mwanangu, unipigie picha, mimi nitakungoja hapa." Nikapanda kwa sababu niliambiwa tunarudi.

Hatukurudi. Kufika juu, kundi likakata kona kuelekea kanisa la Wajerumani. Nilimwita mwongozaji mara mbili, akanipungia mkono nifuate. Nikageuka na kuteremka peke yangu, nikipishana kwa shida na wageni waliokuwa wakipanda. Pale chini nilipomwacha mama hapakuwa na mtu. Watu waliokuwa wakitafuta zawadi za Krismasi walikuwa wamejaa barabarani, naye alikuwa amesukumwa na msongamano hadi mlango wa tatu kutoka pale. Nilimkuta ameegemea ukuta, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakuwa na simu yenye laini ya kule. Aliponiona alisema tu, "Nilidhani nimekosea mahali pa kusubiri." Mama yangu alifundisha watoto wa watu miaka 34, na hakuna siku aliyotoka nao nje ya shule akarudi bila kuwahesabu. Mwongozaji wenu hakuhesabu mtu hata mara moja.

Tuliwakuta wenzetu Stortorget, uwanja wa katikati wenye soko la Krismasi. Mwongozaji alikuwa akionyesha nyumba nyekundu yenye mawe meupe ukutani, akisema ilishuhudia mauaji ya Novemba 1520, pale Mfalme Christian II wa Denmark alipowakatisha vichwa wakubwa wa Sweden. Mauaji hayo ni ya kweli, na yalifanyika uwanjani pale pale. Lakini nyumba ile ilipata sura yake katika karne ya 17, na mama, aliyefundisha historia, alilijua hilo kabla hatujapanda ndege.

Kilichomleta mama Stortorget kilikuwa jengo la upande wa pili, Börshuset, lililokuwa soko la hisa na sasa lina Makumbusho ya Nobel. Humo ndimo Akademia ya Sweden hutangazia tuzo ya fasihi, na humo ndimo tarehe 7 Oktoba 2021 lilitajwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Mama naye ni wa Unguja. Siku ile alilia mbele ya redio. Ratiba yenu ilisema tutaingia makumbusho hayo. Badala yake tuliwekwa dakika 25 katika duka la vinyago na sumaku za friji, tukihimizwa kununua, na tulipotoka makumbusho hayakuwa yakipokea wageni tena. Mwongozaji hakulitaja jina la Gurnah hata kidogo. Mama alisimama mbele ya mlango uliofungwa, nikampiga picha.

Mlituahidi pia glögg, kinywaji cha moto chenye viungo, isiyo na kilevi, kwa kuwa mama hanywi pombe na niliandika hivyo kwenye fomu. Kikombe alichopewa kilikuwa cha mvinyo. Bahati nzuri alikinusa kwanza, akafurahia harufu ya karafuu, iliki na mdalasini, kisha akagundua kilichomo na kukirudisha. Hakupewa kingine.

Mwisho wa ziara ilikuwa tumwone mtoto wa chuma aliyeko nyuma ya kanisa la Wafini, sanamu ya Liss Eriksson yenye kimo cha sentimita 15 hivi, ambayo watu huivalisha kofia za sufu wakati wa baridi. Mama alikuwa amemfumia kofia nyekundu tangu Novemba. Tuliambiwa muda umekwisha, na alfajiri yake tulikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Naomba mambo haya. Mturudishie shilingi 480,000 za ziara hiyo. Mama aandikiwe barua ya kuombwa radhi, kwa jina lake, kwa Kiswahili, na isainiwe na wewe Meneja. Na nijulishwe kwa maandishi kama mnaendelea kuwakabidhi wateja wenu kwa mwongozaji huyo, na nani anawajibika kuhesabu watu njiani.

Naambatanisha risiti, kipeperushi, fomu niliyojaza na picha za jioni ile. Nitasubiri siku 14. Nisipopata jibu nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, kwa kuwa mliyotangaza siyo mliyotupa.

Wasalaam,

Mteja wenu.