Mke wangu anasema nimeoa marehemu

Anti, shikamoo. Naandika saa kumi alfajiri, usingizi umegoma. Yeye amelala, au anajifanya amelala, sijui.

Maneno aliyoyasema mbele ya kaka zake yamenikaa kooni. "Shemeji yenu huyu ameoa marehemu." Wakacheka wote, mpaka mdogo wake ambaye ada ya chuo nilimlipia mimi. Na mimi nikacheka. Ningefanyaje, wageni wako kwenye pilau?

Wewe unazijua kumbi za zilipendwa, sina haja ya kukueleza. Wikiendi napiga gitaa la solo, nyimbo za jazz za zamani tu: Dar es Salaam Jazz, Western na mtindo wao wa saboso, Kilwa, Tabora, Cuban Marimba, na zaidi ya zote Morogoro Jazz. Pombe sigusi. Wanawake wanaokuja kututunza pale mbele ni rika la mama yangu mzazi. Posho ni ndogo, sikatai, lakini mchana natengeneza mafriji na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kulala njaa. Sasa kosa langu liko wapi?

Eti marehemu. Kwani sijui kwamba wamekufa? Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz naye ajali, huko Kenya, mwaka 1979. Sikumwona hata mmoja wao jukwaani. Lakini Anti, zile nyimbo za Redio Tanzania, RTD, bendi ilikuwa inarekodi nzima nzima, wote wanapiga kwa pamoja, na mara nyingi gitaa la pili limefunikwa na matarumbeta. Mimi nakaa jikoni usiku na hedifoni, narudisha palepale, narudisha tena, mpaka nilisikie linapopita. Solo linauliza, ridhimu linajibu. Ukikosea jibu moja wazee wanajua, wanasimama katikati ya ukumbi wanakutazama. Ukilipata, kuna mzee mmoja mstaafu wa reli anaiacha fimbo yake kwenye kiti anaingia kucheza. Huyo naye ni marehemu?

Na huyu huyu anayesema hivyo, wakati namchumbia alikuwa anakaa meza ya karibu na spika, chemko, pale wimbo unapochangamka, likianza yeye ndiye wa kwanza kusimama. Nyimbo hizi hizi! Sikuzibadilisha mimi. Tangu tupate mtoto wa pili hajakanyaga tena ukumbini. Sijamwomba aje, na simtaki aje kunikalia pale amenuna. Ila mlango ukifunguliwa natazama, vidole vinaendelea vyenyewe.

Sasa kuna kijana ananitaka kwenye kundi lake linalopiga hotelini. Pesa ni karibu mara mbili ya ninayopata. Lakini muziki wote unatoka kwenye kompyuta, kazi yangu ni kushika gitaa wageni waone kuna gitaa. Mke wangu anasema hiyo ndiyo kazi ya mtu mwenye familia. Nikamwambia siendi. Baadaye nikamwambia nitafikiria. Juzi kwa hasira nikasema basi gitaa nauza, akanijibu, "Uza." Hata bei hakuuliza. Siuzi, Anti, na naomba usinishauri kuuza.

Angesema tukiwa wawili chumbani ningemwelewa. Watoto wanakua, ada zinapanda, hayo nayaona. Ila mbele ya kaka zake, pamoja na yule mdogo niliyemsomesha! Kila nikifumba macho nasikia kile kicheko.

Nilitaka ushauri wako kuhusu hiyo kazi ya hoteli tu, mengine nimejikuta nimeandika. Lakini kwa kuwa nimeshaandika, nikuulize na hili: mwanamume anaanzaje kumwambia mke wake, baada ya maneno kama yale, njoo Jumamosi ukae meza yako ya zamani? Na nikimwambia akacheka tena? Kijana wa hoteli anataka jibu Ijumaa. Nijibu mapema, Anti, tafadhali.

Mpiga solo, Temeke